Afande wa Chekecheke

Mara ya kwanza Afande kuingia dukani kwangu alivunja kitu, tena kwa makusudi. Alichomoa chaja ya simu ya mteja wangu mmoja ukutani, akaiweka sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino cha buti mpaka ikawa unga. "Huyu ndiye mchawi wako," akaniambia mimi, kana kwamba mwenye chaja hayupo. Mwenye chaja alipofungua mdomo kudai mali yake, Afande alimkamata ukosi, akamsukuma hadi nje, akamwachia kwenye mfereji. Kisha akarudi, akaketi, akaomba chai. Intaneti yangu, ambayo wiki nzima ilikuwa inakatakata, ikatulia kimya kama mtoto aliyeshiba.

Duka langu liko Lizaboni, hapa Songea. Natoa kopi, naprinti, najazia watu maombi ya kazi na ya vyuo mtandaoni. Mtandao ukifa, na mimi nimekufa. Kwa hiyo nilimhitaji mtu yule kwa miaka, na kwa miaka hiyohiyo nilimchukia. Yote mawili ni kweli na sitapunguza hata moja ili nionekane mwema.

Jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano. Alipostaafu akajenga Mjimwema, akaanza kuzunguka mji akitibu intaneti za watu majumbani. Kila mtu alimwita Afande. Mkewe walimwita mke wa Afande, mimi nikamwita Dada. Na wote tuliowajua tulikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka kwa sauti: yule mama atatoka kwenye nyumba ile akiwa hai?

Mafundi wengine wa mjini walitembea na mabegi na kompyuta. Afande alitembea na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, redio ndogo ya betri kama wanayokwenda nayo watu shambani, na chekecheke la waya la kuchekechea unga. Katikati ya chekecheke alikuwa amefunga kwa uzi kidude cha kunasa mawimbi, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye waya unaoingia kwenye simu. Vyote hivyo havikuzidi thamani ya kuku wawili wa kienyeji, na kuku wenyewe wasiwe wanono.

Simu ilimchorea vilima. Kila ruta ya jirani ilikuwa na kilima chake, na pale vilima viwili vilipopandana ndipo watu walipokuwa wanagombania njia moja bila kujua. Akihamisha ruta kwenda njia nyingine, ugomvi uliisha. Chekecheke lilikuwa sikio lake. Aliligeuza taratibu huku na huku, na upande ambao mawimbi yalipanda ndio aliouendea. Redio aliiweka katikati ya stesheni mbili, mahali pasipo na mtangazaji wala muziki, akaipitisha kwenye soketi, taa na ving'amuzi. Chaja mbovu iliifanya inung'unike. Fensi ya umeme iliifanya ipige tiki, tiki, tiki. Na simu hiyohiyo aliiagiza ipige hodi kwenye ruta bila kukoma. Ruta ikijibu, simu ilitoa mlio mdogo. Ikikaa kimya, alijua kuna kitu kimepita katikati.

Akisikiliza, Afande alikuwa mtu mwingine. Alifumba macho, akashusha pumzi, na ule mkono mzito ukapita juu ya ukuta polepole kama wa mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Hapo ndipo nilipomchukia zaidi. Kumbe mkono ule ulijua upole, ila mwenyewe alichagua pa kuupeleka.

Alikuwa na sheria moja, na aliipigia watu kelele mpaka ikawa msemo wa mtaani: "Usimtaje mwizi kabla hujazima kwako." Ukimwita ukasema jirani anakuibia intaneti, alizima kwanza swichi kuu ya nyumba yako. Kisha akawasha kitu kimoja kimoja, taa, friji, pasi, king'amuzi, huku simu ikipiga hodi. Mara nyingi mwizi alipatikana humohumo. Nilimwona akimzaba kibao mzee wa makamo, mtu mwenye nyumba ya ghorofa, kwa sababu alikuwa amemtukana jirani mwezi mzima na kumbe ruta yake imefichwa nyuma ya televisheni ndani ya kabati la bati. "Umemtukana mwenzio, na ugonjwa umeulaza kitandani kwako!" alifoka. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa kibao hakikuwa changu.

Ngumi zake zilijulikana Songea nzima. Kilabuni alipigwa chupa ya kichwa na vijana wawili, akawapiga wote wawili damu ikimwingia machoni, kisha akarudi kwenye kiti chake kumalizia pombe yake ya ulanzi. Hospitali alimkatalia muuguzi sindano ya ganzi, akashonwa hivihivi huku akimkosoa kwamba mishono haikunyooka. Mbwa aliyelalia waya wake wa antena alimtupa ng'ambo ya ukuta. Wajane, lakini, aliwatengenezea bure, akawapandia juu ya bati na mvua ikinyesha, na ukimshukuru alikufokea. Waliomsifu walianza na wajane. Mimi nilikuwa nawauliza wameonana lini na mke wake.

Dada alikuwa na maneno yake: nimegonga mlango, nimeteleza bafuni, kuni imeniruka. Kuni gani, mtu anapikia gesi? Aliyasema akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu upande wa pili ulikuwa umevimba. Balozi wa mtaa aliambiwa, akajibu kwamba ya ndani ni ya ndani. Mchungaji aliambiwa, akaenda kuomba nao, na Afande akafumba macho kwa unyenyekevu mkubwa. Siku ya pili Dada hakutoka nje. Binti yao wa pekee alikuwa ameondoka zamani, akakaa mkoa wa mbali, na akaapa kutotia mguu Mjimwema. Aliloweza kumtumia mama yake kwa basi alimtumia. Safari moja alituma jiko la maikrowevu, Afande akalicheka: jiko gani halina moto?

Mimi ni Mhehe, na yeye alikuwa Mngoni. Babu zetu walichinjana, ndiyo maana sisi tumeachiwa utani. Ukiwa mtani wa mtu unaweza kumvua kofia barabarani, ukamwita mwizi mbele ya wakwe zake, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Afande aliingia dukani kila mara na salamu ileile, ya kututania Wahehe kwamba tunakula mbwa.

"Mhehe, leo mmekula mbwa gani?"

"Wetu tumewamaliza, Afande. Nangoja uniletee wa kwenu."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Katika mji mzima labda mimi peke yangu niliweza kumrushia neno na meno yangu yakabaki mahali pake. Nikaamua kuutumia utani huo.

Kulikuwa na msiba hapa mtaani kwetu, kaka yake Afande amefariki. Msibani watani ndio wenye uwanja. Nilijifunga shuka la marehemu, nikavaa buti za Afande zilizokuwa mlangoni, nikachukua mwiko, nikaanza kutembea kama yeye, kifua mbele. Watu wakaangua vicheko katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Nikaukuta mto wa kiti, nikauweka chini. "Wewe mto!" nikafoka kwa sauti yake. "Chai imepoa!" Nikaupiga mwiko. "Umechelewa kufungua geti!" Nikaupiga. "Umecheka na nani?" Nikaupiga tena na tena mpaka sufi ikaanza kuruka, na vicheko vikapungua, vikapungua, mpaka nikabaki nasikia pumzi zangu tu. "Jamani, Wangoni ni mashujaa," nikasema. "Hakuna mto uliowahi kuwashinda."

Wote waligeuka kumtazama. Sheria ya utani ilimtaka acheke, naye akacheka. Mdomo ulicheka. Macho yalibaki yananitazama, na mgongo wangu ukaloa jasho chini ya shuka la maiti.

Haikusaidia. Afadhali niseme wazi: ilizidisha. Baada ya msiba ule alifunga kamera nyumbani kwake, juu ya mlango wa jikoni, inayorusha picha kwenye simu yake popote alipo. Alisema ni kwa ajili ya wezi. Wezi huingilia getini, na kamera ile ilitazama ndani. Akiwa dukani kwangu niliwahi kumwona akiitoa simu mfukoni katikati ya maneno, anamtazama mkewe akiosha vyombo, anairudisha, anaendelea kuzungumza habari za mbolea.

Kisha kamera ikaanza kuumwa. Picha iliganda, ikakatika, ikarudi baada ya muda kidogo, na Dada yuko palepale jikoni anachambua mchele. Ilikuwa hivyo mara kwa mara, saa za mchana. Afande alizunguka na chekecheke lake, akahamisha njia, akabadilisha antena. Ng'ambo ya ukuta wake alikuwa amepanga mwalimu kijana, mgeni kutoka mikoa ya ziwa, mpole, ambaye alikuwa amenunua ruta yake ya kwanza maishani. Sote tulimwita Mwalimu. Afande alimpigia kelele juu ya ukuta kwamba anamkalia njia yake. Mwalimu akaomba radhi, akazima ruta. Kamera ikakatika tena. Mwalimu akaichomoa kabisa, akamletea Afande mkononi. Kamera ikakatika tena.

Ilikuwa Jumamosi, jua limesimama, watu wanafua. Nilikuwa nimepeleka karatasi za mteja mtaa uleule, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Afande alitoka kwake na bomba la chuma la antena. Mwalimu alikuwa anaanika shati, akainua mkono kumsalimu, na bomba likaupata mkono huohuo. Nilisikia mfupa. Akaanguka, akajaribu kutambaa chini ya kamba ya nguo, naye Afande akamfuata akipiga mgongo, mapaja, na ule mkono ambao tayari ulikuwa umekaa vibaya. Nguo zilizofuliwa zilimdondokea Mwalimu, zikawa nyekundu. "Afande, utaua!" nikapiga yowe. "Afande, mtani wako nakuomba!" Hakuna utani uliosikilizwa. Wanaume walipomvaa, ilibidi wawe wengi, na mmoja alipoteza jino. Walimfunga kwa kamba ya nguo, wakamkalia mpaka polisi wakaja.

Wakati wote huo pazia la dirisha la nyumba yake halikutikisika.

Nilirudi dukani. Haikupita muda, nikamwona Dada anakuja barabarani, amebeba maikrowevu kichwani juu ya kata ya khanga, anatembea wima, anasalimia watu. Aliingia, nikamsaidia kujitua, akafungua mlango wa jiko. Lilikuwa limejaa nguo zake.

"Ningebeba begi wangeniuliza nasafiri kwenda wapi," alisema. "Jiko wanajua napeleka kwa fundi."

Tulizihamishia nguo kwenye kiroba. Nikamwambia asilie, Mwalimu atapona. Hapo ndipo alipolia.

"Mdogo wangu, mkono uliopaswa kuvunjika ni wangu."

Akaniambia. Siku moja alikuwa anapasha maji ya chai, akaona taa ndogo ya kamera imebadilika rangi. Akajaribu tena, ikabadilika tena. Ruta ilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule. Tangu siku hiyo, alipotaka kuongea na binti yake kwenye simu ndogo ya kitochi aliyoficha ndani ya pipa la unga, aliweka kikombe cha maji ndani ya jiko na kuliwasha. Maji yakichemka, kamera ilikuwa kipofu. Aliyekuwa akizungumza na mwanaye kwa pumzi za kikombe kimoja cha maji ndiye aliyekuwa akiharibu mtandao wa mtaalamu mkubwa wa Songea nzima. "Sikujua atamwendea yule kijana," alisema. "Nilidhani atazima kwake kwanza. Si ndiyo sheria yake?"

Nilimpandisha basi mwenyewe. Jiko likabaki kwangu.

Afande alifungwa, akatoka. Mwalimu alipona nusu: sasa anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, shule nyingine, mkoa mwingine. Dada anakaa kwa binti yake, na kila Ijumaa mchana, wateja wangu Waislamu wakiwa msikitini na duka limepoa, ananipigia kwa video kwenye kishikwambi cha dukani. Ananionyesha wajukuu. Mdomo wake sasa unatabasamu pande zote mbili.

Ilikuwa Ijumaa kama hiyo Afande alipoingia.

Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Mfuko wa rambo mkononi, redio mfukoni mwa shati inanong'ona ile sauti yake ya mahali pasipo na stesheni.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Mbwa hawajambo, Mhehe?"

"Wamepungua."

Hakucheka. Aliketi karibu na meza, na kabla sijanyoosha mkono akawa ameshachukua kishikwambi, amekiweka mapajani. "Mtandao wako unaumwa," alisema. "Nimeusikia toka barabarani." Akakiagiza kianze kupiga hodi kwenye ruta. Mlio mdogo, mlio mdogo, mlio mdogo. Nilitazama saa ya ukutani. Dada hachelewi.

"Mtani," alisema bila kuinua macho, "mwenzangu yuko wapi?"

"Sijui."

"Unajua."

"Hata ningejua, Afande."

Alinitazama. Ningemnyang'anya kishikwambi angeelewa mara moja, na bomba la antena nilikuwa nimeliona likifanya kazi. Utani ni ukuta mzuri, lakini nilikwisha kumwona akiupita siku ile.

"Ngoja nikupashie chai," nikasema.

Nyuma ya pazia la duka ndipo ninapokaanga na kupasha vitu vyangu. Nilijaza kikombe maji ya bomba, nikakiingiza ndani ya jiko la Dada, nikazungusha kitufe. Likaanza kuunguruma. Redio mfukoni mwa Afande ikanguruma nalo. Mlio mdogo, kimya. Kimya. Mlio mdogo, kimya. Kisha kishikwambi kikaita simu ya video, ule wimbo wake mrefu, ukakatika katikati.

Nilichungulia. Alikuwa amekiinamia. Sijui kioo kilimwonyesha nini kabla hakijaganda, jina, au picha, au rangi ya khanga. Sijamwuliza na sitamwuliza.

"Hilo ni jiko lake," alisema.

Nilishika kisu cha mkate, sijui cha nini.

"Nalijua mvumo wake. Nililijua tangu mara ya kwanza. Unadhani mimi nisingelitambua, mtani? Nyumbani kwangu?"

Nilitoka nyuma ya pazia. "Ulijua? Ulijua, halafu ukaenda kumvunja mtoto wa watu?"

"Mikono ilikuwa inataka mtu." Alikiweka kishikwambi mezani taratibu, kwa ule mkono wa kusikilizia. "Ningeingia ndani siku ile, ningemuua mama yule. Nikageukia upande wa pili wa ukuta."

"Na Mwalimu?"

Nilitaka alie, nipate kumtukana vizuri, lakini hakulia. Nikamwambia hivyohivyo kwamba ni mnyama, na kwamba sisemi kama mtani. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa hesabu yake. Jiko lilimaliza, likalia kengele. Redio ikarudi kwenye mnong'ono wake, na ile milio midogo ikaanza kujipanga tena mmoja baada ya mwingine. Kishikwambi kilikuwa hai, na Dada ana kawaida ya kurudia kupiga.

Afande alikisikiliza. Kisha akainuka, akachukua mfuko wake, akaenda mlangoni kwa haraka kuliko alivyoingia. Kizingitini alisimama, mgongo kwangu.

"Lisogeze jiko karibu na ruta," alisema. "Hapo lilipo linaacha upenyo. Ndiyo maana imeita. Nikirudi, isiite."

Nilisubiri mpaka sauti ya buti zake ikapotea barabarani. Kisha nikalibeba jiko na kikombe chake kikiwa ndani, maji ya moto yakinimwagikia mikononi, nikalisogeza mpaka likagusana na ruta.